Droni humwona jangili, waya haiioni

Katika Hifadhi ya Murchison Falls nchini Uganda, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,800, silaha inayosumbua zaidi ni waya iliyochomolewa kwenye tairi kuukuu na kugeuzwa kitanzi cha kunasia wanyama. Haitoi sauti wala joto. Droni yenye kamera ya joto itamwona mtu usiku, nyasi zikiwa fupi. Kitanzi kilichofungwa kichakani hukutwa na anayetembea.

Kwa hiyo chombo chenye faida zaidi ni simu ya askari wa doria. Programu ya SMART, inayotumiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), hurekodi njia aliyopita na mahali alipong'oa kila kitanzi. Kisha ramani huonyesha pa kurudi. Ila ramani hiyo humdanganya msomaji mvivu: mitego hujazana pale doria zinapopita mara nyingi, na bonde lisilofikika huonekana safi. Gawanya idadi ya mitego kwa kilomita zilizotembewa, na doria za gari uzihesabu kando.

Kamera zinazojiwasha zikihisi joto linalosogea zina tabu zake. Jua likichoma nyasi ndefu mbele ya lenzi na upepo ukizitikisa, kadi hujaa picha tupu na betri huisha kabla jangili hajapita. Fyeka mbele ya kamera, uielekeze kaskazini au kusini ili jua lisiipige usoni. Na itamnasa pia mama aliyeingia kuokota kuni, ambaye sura yake haina haja ya kukaa kwenye faili la majangili.

Mahakamani ndiko vifaa huumbuka. Saa ya kamera ikirudi mwanzo baada ya kubadilishwa betri, wakili wa mshtakiwa hana kazi kubwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 humtwika anayeleta rekodi mzigo wa kuthibitisha uhalisi wake; kwa hiyo kadi ifungwe kwa lakiri, na kila aliyeishika atie saini. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hakimu ana haki ya kuwa mgumu.

Gorila aitwaye Rafiki alipouawa katika Hifadhi ya Bwindi, Uganda, mwaka 2020, mshukiwa alifuatiliwa hadi kijijini, akakutwa na zana za uwindaji, na akahukumiwa miaka 11. Fungu la fedha likiwa dogo, ningenunua simu na buti kwanza. Droni ingesubiri.