Kuingia Chuo Kabla ya Kuchagua Kozi

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi anaruhusiwa kuanza mwaka wa kwanza huku fani yake haijulikani. Anasoma historia kidogo, takwimu kidogo, baiolojia kidogo, na inapofika mwisho wa mwaka wa pili ndipo anabanwa aseme anasomea nini. Mweleze hayo mzazi wa Mbeya aliyeuza ng'ombe kulipa ada, atakuuliza kama huyo mtoto ana akili timamu.

Lakini watetezi wa utaratibu huo wana hoja. Mchumi Ofer Malamud aliwahi kulinganisha wahitimu wa England na wa Scotland. England unaomba kozi yako tangu sekondari na kuisoma miaka 3. Scotland shahada huchukua miaka 4, na miaka 2 ya mwanzo unagusa masomo kadhaa. Waliobobea mapema ndio walioishia zaidi kwenye kazi zisizohusiana na walichosomea. Inashangaza, maana hao ndio wenye vingi vya kupoteza wakihama. Wamarekani wenyewe waliwafuatilia wanafunzi walioanza chuo mwaka 2011/12: miongoni mwa wa shahada ya kwanza waliokuwa wametaja fani, kama theluthi moja waliibadili ndani ya miaka 3. Waliochagua hisabati, zaidi kidogo ya nusu walihama. Kwa hiyo kuchagua mapema si sawa na kuwa na uhakika.

Upande wa pili nao una lake. Zipo fani zisizomsubiri mtu. Uhandisi ni mnyororo: hisabati ya semesta ya kwanza ndiyo inayofungua ya pili, na hizo ndizo zinazofungua mekanika. Aliyezungukazunguka hadi mwaka wa pili, kisha akaupenda uhandisi, mara nyingi anaongeza mwaka. Mwenye wazazi wa kulipa ataongeza. Kijana wa Kigoma aliyekwenda kwa ufadhili wa semesta 8 hana pa kuongezea.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Tunabishana kuhusu chuo wakati uamuzi wenyewe ulishafanyika kidato cha nne, pale mwanafunzi wa miaka 16 au 17 alipojaza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hana tena njia ya udaktari, hata aamke na kipaji gani. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, na ni jambo jema, ila milango mingi bado si muda zaidi wa kufikiri. Halafu kuna mkopo. Bodi ya mikopo ina kozi inazozipa kipaumbele, na kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) mwenye ndoto ya usanifu majengo anajaza ualimu wa sayansi kwa sababu huko mkopo una matumaini zaidi. Huyo tunamwita mwenye msimamo, kumbe ameamuliwa na pesa.

Mimi naegemea upande wa kuchelewa, ila si kwa kuiga miaka 2 ya Wamarekani. Hatuna fedha hizo. Tatizo letu liko kwenye kubadili. Vyuo huruhusu kuhama kozi wiki za mwanzo, kama nafasi ipo na sifa zinatosha. Wiki hizo mwaka wa kwanza anatafuta kitanda hosteli, anafuatilia kama bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, limeingia, na kozi yake ameisikia kwa mihadhara miwili mitatu. Atajua kwamba si yake siku matokeo ya UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa semesta ya kwanza, yatakapobandikwa na sapu tatu (mitihani ya kurudia) ndani yake. Hapo dirisha limeshafungwa. Atabaki akikeri masomo, yaani kuyabeba aliyofeli hadi mwaka unaofuata, au adisko, yaani aondolewe chuo, na mkopo atadaiwa vilevile.

Dirisha hilo lisogezwe hadi baada ya matokeo hayo, na mkopo umfuate mwanafunzi kwenye kozi mpya. Kwa biashara, uchumi na sayansi ya jamii inawezekana bila maumivu makubwa, kwa kuwa masomo ya mwanzo yanafanana. Uhandisi utahitaji semesta ya kwanza ya pamoja kwa matawi yake yote. Udaktari sioni njia: nafasi ni chache na ratiba imebana tangu siku ya kwanza, hivyo huko anayeingia aingie ameshaamua.