Dakika arobaini za majina

Nilikuwa natoka zamu ya usiku, macho yanawasha, shida yangu kitanda tu. Polisi akaninyooshea kiganja: barabara imefungwa. Ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku Wamarekani wanapowakumbuka askari wao waliokufa vitani, na mji huu mdogo nje ya Minneapolis ulikuwa na gwaride lake: trekta mbili, bendi ya watoto wa shule, wazee waliobanwa na sare zisizowaenea tena. Nikazima injini nikilaani kimoyomoyo. Kisha mzee mmoja akashika kipaza sauti akaanza kusoma majina. Yote, tangu vita vyao wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19 mpaka kijana aliyefia Iraq. Dakika arobaini nzima. Hata mtoto aliyekuwa akililia aiskrimu alinyamazishwa.

Najua mtakavyosema. "Ameanza tena huyu wa majuu. Gwaride la kijiji limemlevya." Ngojeni kwanza, sijamaliza.

Nilifika Marekani mwishoni mwa 2005, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba ya wazee. Machi 2006 nilikuwa namlisha uji bibi kizee mmoja, televisheni imewashwa, Rais Bush anaulizwa kama itafika siku ambayo hakutakuwa na askari wa Marekani hata mmoja Iraq. Akajibu kwamba hilo litaamuliwa na marais watakaokuja na serikali za Iraq zitakazokuja. Alikuwa na karibu miaka mitatu ya kukaa madarakani! Bibi akasukuma kijiko, uji ukanimwagikia mkononi. "Kaanzisha yeye, halafu anamwachia mwingine!" Mjukuu wake alikuwa Iraq wakati ule. Na huyo bibi alikuwa amempigia Bush kura mara mbili.

Mimi nilifanya nini? Niligeuka nikaangalia mlango, kuona nani amesikia. Waliokulia Kenya ya Nyayo, enzi za Moi, mnanielewa.

Bibi hakuwa peke yake. Novemba ile wapiga kura walikipokonya chama cha Bush mabunge yote mawili, na kesho yake Rumsfeld akatangazwa kuondoka kwenye wizara ya ulinzi. Bush naye, kichwa ngumu, Januari 2007 akatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000. Mjukuu alirudi salama, lakini bibi hakuacha kulaani mpaka mauti yalipomchukua. Alikuwa akisema mtu akivunja chungu cha jirani, hamtumi mwanawe akaombe radhi.

Na hapa ndipo panaponiuma. Obama alimshinda Hillary Clinton ndani ya chama chao kwa sababu nyingi, lakini moja kubwa ni kwamba yeye alikuwa ameipinga vita ya Iraq kabla haijaanza. Wamarekani walichoka na vita, wakamchagua mtoto wa mtu wa Kogelo, na sisi Kibaki akatupa sikukuu. Tarehe 6 Novemba 2008 nchi nzima tulilala nyumbani tukisherehekea hasira za watu wengine. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2011, Kibaki huyohuyo akawavusha vijana wetu mpaka wa Somalia.

Operesheni Linda Nchi, ndivyo walivyoiita. Mnakumbuka tulivyopiga makofi? Nami nilipiga, nikiwa huku kwenye baridi. Watalii walikuwa wametekwa Lamu, wafanyakazi wa misaada wametekwa Dadaab, tukasema potelea mbali, waingie. Kibaki akaondoka 2013 bila kuimaliza. Uhuru akairithi, akaondoka 2022 bila kuimaliza. Siku Ruto anaapishwa Kasarani nilikaa macho nitazame. Uhuru akamkabidhi upanga na Katiba, watu wakashangilia. Mzigo wa tatu ulipita chini ya meza. Kampeni zile nakumbuka wilibaro, nakumbuka bei ya unga. Somalia siikumbuki.

Sisemi Mkenya hana uchungu. Nani atatufundisha sisi kulia? Kijana akirudi kwenye jeneza, mtaa mzima unajaa, harambee inapigwa, turubai na viti vinakodiwa, mama hakai peke yake usiku hata mmoja. Huku nimeona mazishi ya watu saba na sahani ya biskuti. Kwa hilo hawatufikii, na sitakubali mtu anibishie.

Lakini tunalia nyumba kwa nyumba. El Adde, kambi ya askari wetu Somalia iliyovamiwa na Al-Shabaab 15 Januari 2016: walikufa wangapi? Rais wa Somalia alitaja kwenye televisheni idadi inayokaribia mia mbili. Serikali yetu ikakana, ila idadi yake yenyewe haikutoa. Ilifanyika ibada kubwa pale Eldoret, marais watatu wakakaa mstari wa mbele, na watu wakarudi makwao bila hesabu. Halafu tarehe 5 Januari 2020, kambi ya kijeshi ya Manda Bay, kwenye udongo wetu wenyewe wa Lamu, Wamarekani watatu wakauawa. Siku chache tu, majina yao yalikuwa kwenye magazeti ya huku, na picha, na miji waliyotoka. Lamu ni kwetu, jamani!

"Ni usalama wa taifa, bwana, utawapaje Al-Shabaab idadi?" Al-Shabaab walikuwepo. Walipiga na video. Asiyejua ni mama wa Kapsabet.

"Basi rudi ugombee kiti." Sigombei. Nina mkopo wa gari na magoti mabovu.

"Hao Wamarekani wako walihesabu Wairaki?" Hapo mmenishika, na nawapongeza. Mzee yule na kipaza sauti chake hakutaja jina hata moja la Baghdad. Wao walipoteza zaidi ya askari 4,400 kule. Wairaki walikufa wengi mara nyingi zaidi, na sijawahi kufungiwa barabara kwa ajili yao. Na kelele zote za 2006 hazikuwazuia kuiburuza Afghanistan kwa marais wanne, mpaka 2021 Biden aliposema hatamwachia wa tano. Alivyoondoka ilikuwa aibu, watu wakining'inia kwenye ndege. Sikusema ni malaika. Nimesema bibi kizee mwenye uji mdomoni alijua nani wa kumlaumu, na kwa nini, na mpaka lini.

Polisi aliondoa vizuizi karibu saa tano. Nilipofika nyumbani sikulala. Nilimpigia dada yangu Eldoret, huko usiku unaingia, nikamwomba anitajie vijana wa mtaa wetu ambao hawakurudi kutoka Somalia. Wa kwanza akamtaja haraka, na wa pili. Wa tatu alikwama. Alimkumbuka jina la utani tu, lile la mpira, akaita mtu jikoni amsaidie, naye hakulijua.

"Kwani leo huko kuna nini?" akaniuliza.