Miguu ya Karavani Si Jeki!

Jamani, mpaka lini? Gari limetoka kwenye msitu wa miti mirefu, limeshuka hadi kambi ya pwani, watoto wanalia njaa, na mtu anashika mpini anainua karavani nzima, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, kwa ile miguu minne ya pembeni! Miguu ile ni ya kutuliza mtikisiko, si ya kubeba uzito. Inapinda, skrubu zinang'oka sakafuni, mlango unagoma kufunga. Halafu alaumiwe aliyeitengeneza?

Pima maji ni ya nini basi? Anza kulia na kushoto, karavani ikiwa bado imeshikana na gari: tairi la upande ulioinama lipande juu ya kabari ya kusawazishia. Vuta breki ya mkono ya karavani, zuia magurudumu yake, ndipo ufungue kiungo cha kuvutia. Mbele na nyuma husawazishwa kwa kigurudumu cha mbele. Miguu huja mwisho kabisa, iguse ardhi na kukazwa kidogo.

Na mchanga je? Mguu mtupu huzama usiku, asubuhi vikombe vinateleza mezani. Kipande cha ubao chini ya kila mguu. Ubao tu, jamani!

Friji ya gesi ndiyo inayoumia zaidi. Kimiminika chenye amonia ndani yake hurudi chini kwa mteremko, hakuna pampu. Karavani ikiinama sana, mzunguko unakwama. Maziwa yanachacha, familia nzima inanuna, fundi anaitwa kutengeneza friji nzima isiyo na kosa. Kilomita zote hizo ili tulale vichwa chini, miguu juu?