Werner Erhard na mipaka ya sitara

Barazani Mikindani, jirani yangu mkulima wa korosho aliniona na kitabu, akauliza kinahusu nini. Nikamwambia ni habari za Mmarekani aliyeanzisha mafunzo ya kujitambua, na mwandishi aliyekwenda kuchimba maisha yake. Akaguna. "Huo si umbea? Mafunzo ama yanafaa ama hayafai. Ya nyumbani kwake yanakuhusu nini?"

Ana sababu ya kuuliza. Msimu uliopita, malipo ya mnada yalipoingia, alilipa shilingi 50,000 akakaa siku mbili kwenye semina ya namna hiyo mjini Mtwara. Tangu hapo anaandika matumizi yake kwenye daftari. Daftari nimeliona: mafuta ya taa, salfa, ada ya mtoto, yote kwa mstari. Hapo sina ubishi naye. Na kwetu pwani kumsitiri mtu ni ibada, kwa hiyo mwandishi anayefunua ya watu huanza na deni.

Mtu mwenyewe ni Werner Erhard, aliyeanzisha mafunzo ya est mjini San Francisco mwaka 1971. Yalikuwa wikiendi mbili kwenye ukumbi wa hoteli, kama saa 60, kwa dola 250 za wakati ule, na hata msalani huendi utakapo. Somo kuu lilikuwa kuwajibika: maisha yako ni yako, usimtafute wa kumlaumu. Hadi yalipofungwa 1984, watu kwa mamia ya maelfu walikuwa wamepita humo. Mwaka 1978 mwanafalsafa W. W. Bartley, mhitimu wa mafunzo hayo hayo, aliandika wasifu wa kumpenda. Mwaka 1993 mwandishi wa habari Steven Pressman akatoa wa kumchunguza, *Outrageous Betrayal*. Ndicho nilichokuwa nacho.

Wanaomtetea Erhard hawasemi ovyo. Machi 1991 televisheni ya CBS ilirusha tuhuma nzito za kifamilia dhidi yake, na baadaye binti yake akazikana zile alizozitoa yeye. Mwaka 1996 mamlaka ya kodi ya Marekani ilimlipa dola 200,000 kumaliza kesi aliyoifungua kwa yale maofisa wake waliyoviambia vyombo vya habari kuhusu kodi zake. Kuchimba kuna hatari yake. Jembe halichagui mzizi.

Hata hivyo kuna jambo moja haliniachi. Mwaka 1960, Philadelphia, alikuwa anaitwa Jack Rosenberg, muuza magari mwenye mke na watoto wanne. Akaondoka na mwanamke mwingine. Ndani ya ndege akafungua jarida la Esquire lenye habari za Ujerumani, akaokota Werner kwa mwanafizikia Heisenberg na Erhard kwa waziri wa uchumi Ludwig Erhard. Nyumbani hawakupata habari zake kwa karibu miaka 12.

Kubadili jina kwetu si ajabu. Kijana wa Kimakonde au Kiyao akitoka jandoni hupata jina jipya. Lakini hilo huwa mbele ya watu, ngoma zinalia, mama yupo na analisikia. Tangu siku hiyo mji mzima unajua nani wa kumwita na jina gani. Jina la ndegeni halikusikiwa na yeyote aliyemhitaji mwenye nalo: mke hakulijua, na watoto wanne wangemtafuta kwa jina ambalo hakuna tena anayeliitikia. Miaka 11 baadaye mtu huyo anasimama jukwaani kuwafundisha watu kuwajibika.

Watetezi watasema hakuficha: aliwarudia, na habari hiyo imo hata kwenye kitabu cha Bartley. Kweli. Ila mtu akisimulia mwenyewe kuondoka kwake, hadithi hupanda naye ndege. Mchunguzi ndiye anayebaki nyumbani na waliosubiri, na kazi hiyo siioni kuwa umbea.

Nilimjibu jirani kwa mambo ya ghalani. Korosho zako zikifika, huchotwa kidogo zikakatwa katikati, watu wakaona kilichomo kabla ya mnada. Hujawahi kulalamika kwamba wanakufedhehesha. Asiyeuza, korosho zake zikae ndani na maganda yake. Erhard alichokuwa anauza ni namna ya kuishi, na sampuli ya kwanza ilikuwa yeye.

Akanyamaza, akazungusha kikombe cha kahawa. Nikamuuliza mwalimu wake wa semina ni mtu wa wapi. Hakujua. Akasema wakati anatuma ada, simu ilimletea jina jingine kabisa, silo lile la kwenye bango. "Nikadhani la msaidizi wake," akasema, "nikabonyeza kukubali."