Orodha ya mbolea ya ruzuku isomwe na nani?

Mvua za vuli zikikaribia, wakulima wa Kwimba na Misungwi, hapa Mwanza, huulizana kama mbolea ya ruzuku imefika. Imefika kwa nani, hilo huulizwa kwa sauti ya chini.

Mpango ulipozinduliwa Agosti 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulishushwa kutoka takriban shilingi 131,000 hadi 70,000. Mkulima hujiandikisha kijijini, hupewa namba, kisha hununua kwa wakala kwa namba hiyo. Pengo la bei Serikali humfidia mfanyabiashara. Mkulima haoni hata senti ya fedha hizo mkononi.

Je, majina ya wanufaika yawekwe hadharani? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mfumo wa kompyuta haujui kuwa fulani aliyeandikisha ekari ishirini ana mbili tu, na moja kati ya hizo ni mawe matupu, mawe haya haya ya Mwanza tunayopigia picha. Jirani anajua.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna husuda: ukijulikana umechukua mifuko kumi, shemeji wanne watabisha hodi kabla ya jioni. Ulaya waliupitia mjadala huu. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya wakulima wa Ujerumani, ilibatilisha utaratibu wa kutangaza majina ya watu binafsi wote waliopata ruzuku. Baadaye majina yalirudi, ila wanaopata euro 1,250 au pungufu kwa mwaka wakafichwa. Kwa kipimo hicho, mkulima wetu wa mifuko mitatu asingetajwa kamwe.

Mimi nilikuwa upande wa kubandika majina kwenye ofisi ya kijiji na kuishia hapo. Kilichonitikisa ni vocha za pembejeo zilizoanza 2008. Kamati ya vocha, iliyochagua wa kupewa, ilikuwa ya kijiji chenyewe. Hata hivyo watafiti waliochunguza vijiji vya Kilimanjaro walikuta kaya za viongozi waliochaguliwa zimechukua takriban asilimia 60 ya vocha. Sidhani kama majirani hawakuona. Lakini nani atasimama mkutanoni amwambie mwenyekiti usoni, na kesho anahitaji muhuri wake kwenye barua ya mkopo?

Kwa hiyo ukuta wa ofisi hautoshi. Orodha iwekwe mtandaoni, isomeke pia na kijana wa kijiji hicho anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, mjini Mwanza, asiyehitaji muhuri wa mtu. Jina, kijiji na idadi ya mifuko vinatosha. Namba ya simu na ya kitambulisho cha taifa (NIDA) zibaki ndani, maana matapeli wa mitandaoni nao wanasoma.

Ila tukibishana sana juu ya mkulima tunamsahau yule anayelipwa fedha zenyewe. Waingizaji wa mbolea na mawakala ni wachache, na hesabu zao ni kubwa. Sheria ya taarifa binafsi inamlinda mtu. Siioni ikiwa kisingizio cha kuficha malipo ya kampuni. Kila msimu itangazwe kampuni gani imelipwa kiasi gani, kwa mifuko mingapi, katika wilaya ipi. Hapo wa Sengerema ataweza kulinganisha mifuko iliyolipiwa na ile aliyoiona ikishushwa kwenye gari.