Samani za hosteli: nenda na mizani, picha haitoshi

Hati nyingi za zabuni ya vitanda vya hosteli za vyuo vyetu hapa Tanzania zina mistari miwili tu: "Kitanda cha deka, chuma, futi 3 kwa 6, idadi 200. Godoro inchi 6, idadi 400." Chini yake imebandikwa picha kutoka mtandaoni. Kwa maelezo hayo, anayeshinda kwa bei ya chini ni yule aliyepunguza unene wa chuma, na hajakiuka sharti lolote. Kwa maoni yangu, lawama nyingi tunazowatwisha mafundi ni za mnunuzi ambaye hakuandika anachotaka.

Tuanze na mzigo. Aliyesoma chuo kikuu nchini anaijua habari ya kubebana: kitanda kimepangiwa mmoja, wanalala wawili. Uongozi unaweza kupiga marufuku, lakini chuma hakisomi matangazo. Basi kila deka ihesabiwe kwa watu wawili, na ya chini ihesabiwe pia kwa watu wanne waliokaa ukingoni wakijadili maswali. Hao wa ukingoni ndio wanaopinda ubavu wa kitanda, kwa sababu uzito wote unaangukia upande mmoja.

Kwa mzigo huo, miguu iwe skwea paipu, yaani bomba la mraba, ya milimita 40 kwa 40, unene usiopungua 1.5. Mbavu ziwe 50 kwa 25, unene uleule, upande mpana ukiwa wima. Andika unene kwa milimita, maana ukiandika geji peke yake mtabishana siku ya kupokea mzigo: namba ya geji inavyopanda ndivyo chuma kinavyopungua, na geji 18, yaani kama milimita 1.2, hupakwa rangi ikafanana kabisa na geji 16, ambayo ni kama 1.5. Jicho haliwezi kutofautisha, ila mizani inaweza. Bomba la 40 kwa 40 lenye urefu wa mita 6 na unene wa 1.5 lina uzito wa karibu kilo 11, la 1.2 halifiki 9. Pima mabomba kabla hayajakatwa, kisha kitanda kikikamilika kipime chote na ukilinganishe na sampuli. Kilo nne au tano hazipotei kwa bahati mbaya.

Godoro nalo lipimwe hivyo hivyo. Sponji ya futi 3 kwa 6, inchi 6, yenye msongamano wa kilo 30 kwa mita ya ujazo, bila foronya yake, ina kilo 7 na nusu hivi. Ukikuta kilo 5, umeuziwa msongamano wa 20, na katikati patakuwa shimo kabla mwaka wa masomo haujaisha.

Hata chuma kikiwa kinene, kitanda hufia kwenye maungio. Kitanda kilichochomelewa chote hakipiti mlangoni wala kwenye kona ya ngazi, kwa hiyo vichwa viwili huchomelewa na mbavu hufungwa kwa bolti. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: bolti hupitishwa kwenye bomba tupu, ikikazwa inabonyeza kuta za bomba, kesho yake imelegea. Wanafunzi wakijigeuza, tundu linapanuka, kitanda kinaanza kulia, na baada ya hapo hata ukikaza hakitulii. Dawa ni kuweka bushi, kipande cha bomba dogo kilichochomelewa ndani ya tundu ili bolti ikaze juu ya chuma kigumu. Tumia bolti za M10 zenye nati za nailoni, mbili kila kona, na sharti la kuzikaza upya baada ya mwezi mmoja. Na uchomeleaji uzunguke bomba lote. Nukta mbili tatu zilizofunikwa kwa rangi hukatika mahali pa ngazi kwanza.

Chaga za mbao za msonobari zina vifundo, na kifundo kikiwa katikati, chaga inakatika hapo. Mimi napendelea chaga za chuma zilizochomelewa, au plaiwudi ya milimita 12 iliyotobolewa matundu ya hewa. Kunguni nao wanataka nyufa, kwa hiyo kila mwisho wa bomba uzibwe kwa kipande cha chuma. Vifuniko vya plastiki hutoka. Vikitoka miguuni, maji ya kudeki huingia na bomba linaoza kutokea ndani, jambo ambalo vyuo vya pwani wanalijua zaidi.

Kizuizi cha deka ya juu kipimwe kuanzia juu ya godoro, kisipungue sentimita 16. Kosa la kawaida ni kukipima kuanzia kwenye chaga, kisha mwanafunzi analeta godoro lake la inchi 8 na kizuizi kinabaki urembo. Kabla ya kupanga vitanda, tazama pia panga boi liko wapi.

Makabati yawekewe komeo, mwanafunzi alete kufuli lake; funguo za kiwandani hupotea na mlango huishia kuvunjwa kwa bisibisi. Chipbodi iachwe. Ikinywa maji chini huvimba, na kabati likihamishwa mara moja skrubu za bawaba hazishiki tena. Meza za kusomea hazihitaji droo.

Sasa muuzaji. Awe fundi wa Keko, Dar es Salaam, au kampuni iliyopatikana kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kwanza nunua sampuli moja na uilipie. Weka mifuko minne ya saruji, kilo 200, katikati ya deka ya juu, iache siku nzima, na upime kwa uzi imebonyea kiasi gani, na kama imerudi mahali pake. Sampuli iliyokubaliwa itiwe alama na ibaki chuoni, isirudi karakana. Muulize kama ana jigi, yaani fremu ya kushikilia vipande ili kila kitanda kitoke kwa vipimo vilevile. Fundi asiye na jigi atakuletea vitanda 200 ambavyo ubavu wa kimoja hauingii kwenye kichwa cha kingine, na siku ubavu mmoja ukipinda umepoteza kitanda kizima. Siku ya kupokea, chagua vitano, vifungue na ubadilishane vipande. Vikigoma, mzigo urudi.

Mkataba utaje bolti na chaga za akiba, nani anapandisha ghorofani na kufunga, na asilimia 10 ya malipo ibaki hadi muhula wa kwanza upite. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Oda ikitolewa Septemba utaletewa vitanda vyenye rangi mbichi juu ya kutu, na hutakuwa na ubavu wa kuvikataa. Sampuli ikubaliwe kufikia Juni, vitanda 20 vya kwanza viingie Julai na vikaguliwe, ndipo fundi aruhusiwe kukata chuma cha 180 vilivyobaki.