Pasipoti Iko Droo ya Pili

Riwaya nyingi za taharuki kuhusu dada wa kazi Uarabuni humpiga mapema mno. Kufika ukurasa wa kumi ana makovu tayari, na tangu hapo msomaji anamhurumia tu. Haulizi tena atafanya nini. Hapo ndipo mwandishi mwenyewe anapomvua utu.

Taharuki imo ndani ya kafala yenyewe, yaani mfumo wa udhamini unaomweka mfanyakazi mgeni chini ya mwajiri wake. Kibali cha dada huyo cha kuishi kimefungwa kwa kafili mmoja, mwajiri anayemdhamini. Akitoka bila ruhusa, kafili anaweza kuripoti kuwa ametoroka, na hata kama anadai mishahara ya miezi miwili, yeye ndiye atakayesakwa. Kwa hiyo mlango unaweza kuwa wazi na asitoke. Andika mlango huo. Saa nane mchana nyumba imelala, funguo zinaning'inia kwenye kitasa. Anapanga nguo za bi mkubwa, anaiona pasipoti yake droo ya pili, chini ya risiti za wakala. Haichukui. Anairudisha droo taratibu mpaka ibaki wazi kadiri ileile aliyoikuta.

Kosa jingine ni kumgeuza kafili shetani. Huyu amemlipa wakala, basi akisema "nimekulipia" anaamini anadai haki yake. Wakala naye, binti akirudishwa, atadaiwa fedha hizo. Na kwao binti kuna ada ya mdogo wake inayosubiri mwisho wa mwezi. Wote wanamshika, kila mmoja kwa sababu inayoeleweka, na hilo linatisha kuliko kofi. Bi mkubwa ampe kitambaa cha Idi, na siku hiyohiyo amnyang'anye simu.

Sheria usiibabaishe. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, kifungu cha 9, unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zake. Lakini mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wengine kubadili mwajiri, hayakumgusa yeye. Khadama, yaani mtumishi wa nyumbani, wa Riyadh mwaka 2022 usimfungulie njia ya karani wa kampuni.

Halafu mpe kosa lake mwenyewe. Kaahidi kumalizia nyumba ya mama kwa fedha ambazo hajalipwa, na kila akipata simu anasema, "Niko salama, mabati nanunua mwezi ujao." Uongo huo kauchagua yeye. Upe kurasa nyingi kuliko kilio chake.